Kazi, watoto na judo: hesabu ngumu ya jioni za Kalemie

KALEMIE – Ni saa kumi na moja za jioni. Upepo unatoka ziwani, wamama wauza ndagala wanaanza kufunika vikapu vyao, na pikipiki zinapita mbio kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Katika ukumbi mmoja wenye bati zilizotoboka, watu wazima kumi na wawili wanavua viatu mlangoni, wanainama kidogo kutoa heshima, kisha wanaingia kupigana.

Tatami hakuna. Sakafuni kumemwagwa vumbi la mbao, juu yake kumevutwa turubai kwa kamba mpaka likakaza. Ukiangushwa, mgongo unalia lakini hauvunjiki. Kati ya hao kumi na wawili yumo mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa kuchomelea vyuma, wabeba mizigo wawili wa bandarini, muuza vocha za simu. Karibu wote wana watoto. Hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kuja pale.

Mmoja wao ni mimi. Mwandishi wa habari hapaswi kujiandika mwenyewe, lakini swali la makala hii nimelilipia nyumbani kwangu: mtu mwenye kazi, mke na watoto anapata wapi ruhusa ya kwenda kuangushwa chini mara tatu kwa wiki kwa sababu tu anapenda?

Mashujaa wa chuma kwenye simu

Swali hilo lilinirudia siku rafiki mmoja aliponitumia video. Wanaume waliovaa chuma kuanzia kichwani hadi miguuni wanagongana kwa mapanga butu, shoka na ngao, mpaka mmoja anaanguka kwa kishindo kama sufuria iliyotoka juu ya kabati. Nilidhani ni filamu. Kumbe ni mchezo wenye mashindano ya mataifa.

Wanaoucheza wanaiga vita vya Ulaya vya karne za kati. Kule Marekani, chama cha Society for Creative Anachronism kilianza Berkeley, California, mwaka 1966, na wanachama wake wanapigana kwa silaha za henzirani (rattan). Kwa wale wa chuma, mashindano yanayoitwa Battle of the Nations yalianza mwaka 2010 kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine. Mwaka 2014 shirikisho jingine, IMCF, liliandaa ubingwa wa dunia kwenye ngome ya Belmonte, Hispania. Vazi kamili la chuma linaweza kuwa na uzito wa kilo 25 na zaidi, karibu nusu ya gunia la simenti, na bei yake mara nyingi inapita dola 1,000.

Kilichonishika si chuma. Ni kwamba wengi wa wapiganaji hao ni watu wa kawaida: wana ofisi, wana mikopo ya nyumba, wana watoto wanaosubiri kusaidiwa masomo. Kwenye kambi zao, familia nzima inakuja. Mama anavaa nguo za zamani, watoto wanacheza kati ya mahema, chungu kinapikwa juu ya moto. Wameona kwamba mchezo unaochukua siku yote hauwezi kudumu kama unamchukua mtu mmoja na kuwaacha wengine nyumbani.

Hapa Kalemie hatuna ngome za namna hiyo wala mavazi ya chuma. Tuna judo, ndondi, karate, na vijana wanaopigana mieleka mchangani kando ya ziwa. Lakini undugu upo. Judo nayo ni mtoto wa vita vya zamani. Kano Jigoro aliianzisha Tokyo mwaka 1882, miaka michache tu baada ya tabaka la wapiganaji wa Japani, samurai, kuondolewa. Alichukua mbinu zao za mikono mitupu, akaacha zile za kuua na kuvunja, akabakiza zinazoweza kufanywa leo na kurudiwa kesho na mtu yuleyule akiwa mzima. Mwaka 1964, mashindano ya Olimpiki yalipofanyika Tokyo, judo ikaingia humo.

Hamjachoka na vita?

Wazee wanatuuliza hivyo, na wana haki. Mji huu umeijua vita kwa majina mengi. Tarehe 26 Desemba 1915, meli ya Wajerumani Kingani ilitekwa hapa mbele yetu, ziwani, na boti ndogo za Waingereza zilizosafirishwa nchi kavu kupitia Katanga. Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Hayo ni ya mababu. Ya kwetu ni ya karibu zaidi: kuanzia mwaka 2013, na kwa ukali zaidi mwaka 2016 na 2017, wanamgambo wa jamii za Watwa na Waluba walipigana katika jimbo letu la Tanganyika. Maelfu ya wakaaji wa vijijini walikimbilia pembezoni mwa Kalemie na kulala chini ya nyasi na mashiti. Wengine walifika na majeraha ya mishale. Huku kwetu mshale si kitu cha kuigiza siku ya Jumapili.

Basi kwa nini mtu aliyeyaona hayo aende kutafuta mapigano kwa hiari yake?

Jibu langu ni neno moja la kwanza ambalo kila mgeni wa judo anajifunza. Mwamuzi anaposema "mate", wote wawili wanaachana palepale. Wageni wanacheka kwa sababu kwa Kiswahili mate ni kitu cha mdomoni. Kwa Kijapani maana yake ni kungoja. Na ukikabwa shingo au mkono umefungwa, unagonga mara mbili, juu ya mwenzako au juu ya turubai, naye anakuachia. Anaweza kuwa na kilo ishirini kukuzidi, anaweza kuwa na hasira ya siku nzima ya bandarini, lakini anakuachia. Asipokuachia, kesho hana wa kufanya naye mazoezi. Vita havina mkono wa kugonga. Nafikiri ndiyo maana tunarudi.

Kijana wa Bukavu

Kwa watu wa mashariki mwa Kongo, mfano wa kupigana huku unalea familia una jina: Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Vita vilimchukua mama yake akiwa bado mtoto. Aliokotwa msituni baada ya siku kadhaa, akapelekwa Kinshasa kwenye kituo cha watoto, na huko ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia pamoja na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu. Wote wawili waliiacha timu na kuomba hifadhi.

Kabla ya dunia kulijua jina lake, Misenga aliishi kwenye mtaa wa maskini, akapakia mizigo kwenye malori ili kupata chakula, akawa na mke na watoto wa kulisha. Baadaye alianza mazoezi katika Instituto Reação, chini ya kocha Geraldo Bernardes. Mwaka 2016 yeye na Mabika walikuwa kati ya wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Mabika alishindwa kwenye pambano lake la kwanza. Misenga, kwenye uzito wa kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akaangushwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Alirudi tena kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akatolewa katika pambano la kwanza.

Watu wanakumbuka ule ushindi mmoja. Mimi nafikiria zaidi siku za malori. Mtu aliyebeba magunia mchana kutwa alipata wapi nguvu ya kupanda basi kwenda kwenye mazoezi? Na wakati yuko huko, nani alikuwa anawalaza watoto? Kila mpiganaji mwenye familia ana mtu mwingine anayebeba saa zake. Kwangu mimi, mtu huyo aliacha kunyamaza jioni moja ya Jumanne.

Simu iliyoita mara saba

Jumanne ile niliweka simu ndani ya begi, sauti nikaizima, nikaingia kwenye turubai. Saa kumi na mbili kasoro, mtoto wetu wa pili, wa miaka mitatu, alipandwa na homa mpaka akaanza kutetemeka. Mke wangu alinipigia mara saba. Hakusubiri ya nane. Alimwachia jirani binti yetu mkubwa, akapanda pikipiki na mtoto mgongoni, akaenda kwenye kituo cha afya. Huko walitaka malipo kwanza. Alikuwa na franga za bukari na makala ya siku mbili; akazitoa zote.

Mimi nilirudi usiku nikiwa nimechoka vizuri, nikakuta mlango umefungwa. Jirani ndiye aliyeniambia. Nilipofika kituoni, mtoto alikuwa amelala, dripu mkononi. Ilikuwa malaria, na alipona. Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: kama ningekuwa kazini, ningezima simu? Sikuwa na jibu, kwa sababu kazini siizimi kamwe. Mkuu wangu wa habari akipiga usiku wa manane, napokea.

Sikwenda mazoezini kwa wiki tano. Si yeye aliyenikataza. Ni aibu.

Kidole na mshahara

Kazi nayo ilikuwa imeshadai haki yake. Miezi michache kabla ya hapo, kidole changu cha shahada kilinaswa kwenye ukosi wa kimono ya mwenzangu, kikateguka. Siku ya pili nilikuwa na habari mbili za kuandika kuhusu bei ya mafuta na boti zilizochelewa. Niliziandika kwa mkono mmoja, herufi moja baada ya nyingine, na moja ilichapishwa siku imeshapita. Mwandishi anayelipwa kwa habari anajua maana yake.

Wenzangu wana hatari kubwa zaidi. Mbeba mizigo akiumia bega hana karatasi ya daktari inayomlipa akiwa amelala. Asipobeba, hali. Ndiyo maana mwalimu wetu, ambaye tunamwita metre, ana sheria moja asiyoilegeza: anayefanya kazi ya mikono haangushwi kwa nguvu siku ya kazi, na yeyote mwenye maumivu anakaa pembeni, hata kama anasema yuko sawa. Wengine wanaona ni uoga. Lakini wale ambao shingo zao zinalisha watu sita wanaielewa.

Mkataba wa jikoni

Mke wangu ndiye aliyenirudisha kwenye turubai. Alisema nimekuwa mtu wa kukasirika ovyo, na kwamba mwanaume anayeangushwa mara tatu kwa wiki alikuwa na upole kuliko huyu aliyebaki nyumbani. Lakini safari hii tulikaa chini jikoni na kupanga, kama watu wanaopanga likelemba: kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu yake.

Siku tatu zikawa mbili, Jumanne na Jumamosi. Simu haiingii tena kwenye begi. Inatundikwa kwenye msumari ukutani, sauti juu kabisa, na yeyote aliye karibu anaruhusiwa kuipokea. Fedha ya kimono na mchango wa ukumbi haitoki kwenye sanduku la chakula wala la shule. Inatoka kwenye kazi ndogo za ziada ninazofanya. Zikikosekana, nabaki na kimono niliyoshona magotini mara tatu. Kuna bahasha ndogo ya ugonjwa ambayo haiguswi na mimi wala yeye kwa jambo jingine.

Na Alhamisi ni yake. Yeye anaimba kwenye kwaya. Kwa miaka minne alikuwa anakosa mazoezi yake ili mimi niende kwenye yangu, na sikuwahi hata kuliona hilo. Sasa siku ya Alhamisi mimi ndiye ninayepika sombe, ninaosha watoto na kuwalaza. Mara ya kwanza bukari ilitoka na mabonge. Watoto walikula bila kusema neno, kwa huruma.

Jambo la mwisho tulijifunza, bila kukusudia, kutoka kwa wale watu wa chuma: tulete familia. Jumamosi asubuhi, baada ya salongo, binti yetu wa miaka saba anakuja nami. Metre anawafundisha watoto kuanguka kabla ya kuwafundisha kuangusha. Wanajibiringisha kwenye turubai, wanatoka na vumbi la mbao hata masikioni, na wengine wa baba zao wamekuwa hawakosi tena, kwa sababu watoto ndio wanaowaamsha.

Si kila nyumba imefika hapo. Kati ya wale kumi na wawili, wawili wameacha mwaka huu: mmoja kwa sababu ya goti, mwingine kwa sababu mtoto wa nne alizaliwa na hesabu ya jioni haikutoka. Hatukumcheka. Mkanda wake bado unatundikwa ukutani, jirani na simu zetu.

Wiki iliyopita nilimkuta binti yetu anagombana na mdogo wake juu ya kiti kimoja cha plastiki. Alikuwa amemkalia. Yule mdogo, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbini, aligonga sakafu mara mbili kwa kiganja. Dada yake akamwachia papo hapo, akasimama, akainama kidogo kutoa heshima. Kisha akakichukua kiti.