Majina Yetu Yanavyoichanganya Kompyuta

Nilipoombwa kusaidia kusafisha orodha ya waombaji wa basari iliyokusanywa kupitia tovuti, nilikuta Mohamed Ali Omar, Mohammed Ali Omar na Muhammad Ali Omar wamefuatana. Mwenzangu akasema, "Futa wawili, huyu ni mtu mmoja." Nikamzuia. Kutazama namba za vyeti vya kuzaliwa, wawili walikuwa mtoto mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Wa tatu alikuwa mtoto mwengine kabisa. Lau tungefuata jina, angekosa karo bila kosa.

Jina halitoshi kumtambulisha mtu. Kwetu Pwani majina ya mababu huwarudia wajukuu, na kila mtu huyaandika atakavyo. Simu nayo ina mitego yake. Namba inayoanza 0712 ni ile ile ikianza 254712 au +254712, lakini kompyuta huhesabu tatu. Ondoa nafasi na vistari, kisha linganisha tarakimu tisa za mwisho. Hata hivyo, mama mwenye watoto watatu shuleni huandika simu moja kwa wote. Simu kufanana ni dalili tu, si ushahidi.

Basi fanya hivi. Kwanza, weka nakala ya data yote kando. Pili, iamuru hifadhidata ipange waombaji kwa namba ya cheti, ihesabu kila namba, ikuonyeshe zile zilizojitokeza zaidi ya mara moja. Asiye na cheti apigiwe simu aulizwe, asikisiwe. Tatu, usikimbilie kufuta. Hamishia nyaraka na malipo yote kwenye rekodi moja, ndipo uiondoe ya pili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Programu nyingi huuliza kwanza, "Yupo?" kabla ya kumwandika mtu. Haitoshi. Mtandao ukisuasua, mzazi hubonyeza kitufe mara mbili. Maombi mawili hufika pamoja, yote hujibiwa "Hayupo," na yote huandikwa. Dawa ni kuweka sharti la UNIQUE kwenye namba ya cheti, ndani ya hifadhidata yenyewe. Ombi la pili litakataliwa hapo hapo.

Aliyeandikwa mara mbili hula fungu la mwenzake, na aliyefutwa kimakosa hukosa lake. Sisi tunaotunza orodha hizi tutaulizwa kwa yote mawili.