Kete Nyeusi Zilipomng'oa Bingwa

Wiki iliyopita pale Mlandege, Iringa, niliwakuta vijana wawili wakibishana juu ya ubao wa sataranji. Mmoja alikataa katakata kushika kete nyeusi. "Mweupe ndiye anayeanza," akasema, "mimi nitakuwa namkimbiza tu." Hoja yake si ya kubeza. Katika mashindano makubwa nyeupe hushinda mara nyingi zaidi.

Lakini mimi nilimkumbuka Garry Kasparov, mjini Moscow, Oktoba 1985. Alikuwa na umri wa miaka 22, akiwania taji la dunia ambalo Anatoly Karpov alikuwa nalo tangu 1975. Michezo 15 ilikwishachezwa na pointi zilikuwa sawa. Mchezo wa 16, Kasparov akashika nyeusi.

Karpov alisogeza askari wa mbele ya mfalme. Kasparov hakumwiga, akajibu kwa askari aliye mbele ya askofu wa upande wa malkia. Huo ndio mwanzo uitwao wa Sisilia. Anayeuchagua kwa kawaida hatafuti sare, maana tangu hapo pande mbili hazifanani tena, na kila mmoja ana lake la kuogopa.

Hatua ya 8 akatoa askari sadaka. Mcheza drafti anaijua mbinu ya kutoa kete moja ili ale mbili, lakini hapa hapakuwa na cha kula mara moja. Kasparov alikuwa ananunua nafasi. Hatua ya 16 farasi wake akatua ndani kabisa ya eneo la Karpov, nyumba ya d3, huku askofu akimlinda kwa mbali. Hapo ndipo penye utamu, msikilizaji. Farasi yule hakumla mtu. Alikaa tu, hatua baada ya hatua, na ngome za Karpov zikakosa njia, farasi wake wawili wakabaki pembeni bila kazi. Mwenye askari wa ziada ndiye aliyekosa pa kukanyaga! Karpov alipomla farasi huyo, hatua ya 34, alimpoteza malkia wake. Hatua ya 40 akasalimu amri.

Novemba, katika mchezo wa 24 na wa mwisho, Karpov alihitaji ushindi ili abaki na taji. Kasparov akashika nyeusi tena, akacheza Sisilia tena, akashinda. Pointi 13 kwa 11.

Dawa ya sadaka ile ya hatua ya 8 ilikuja kupatikana. Mwaka 1986, mjini Brussels, Karpov mwenyewe aliionyesha dhidi ya mchezaji mwingine. Taji lilikwishaondoka.