Motokaa Kuukuu Ipozwayo kwa Upepo: Hesabu Itangulie Furaha

Askari arejeapo nyumbani Arua au Koboko baada ya kazi ya muda mrefu, kama walivyorejea wengi kutoka Somalia tangu majeshi ya Uganda yalipopelekwa huko mwaka 2007, huwa na haja tatu moyoni: nyumba ya matofali, karo ya watoto na motokaa. Haja mbili za kwanza hujadiliwa na jamaa wote wakiwa wameketi. Ya tatu mara nyingi huamuliwa chini ya mwembe kwa nusu saa, mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu na motokaa iliyopakwa rangi juzi. Hapo ndipo akiba ya miaka mitatu huweza kupotea.

Makala haya yanahusu motokaa za zamani ambazo injini yake hupozwa kwa upepo, wala si kwa maji. Iliyo maarufu kuliko zote ni Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe. Iliyo na fahari zaidi ni Porsche, motokaa ya mbio. Watu wengi hawajui kwamba hizi mbili ni za ukoo mmoja. Mhandisi Ferdinand Porsche ndiye aliyebuni Volkswagen katika miaka ya 1930, na motokaa ya kwanza yenye jina la Porsche, iitwayo 356, iliyoanza mwaka 1948, iliundwa kwa kutumia vifaa vingi vya Volkswagen. Zote zina injini nyuma, silinda zimelala ubavuni, na feni ya kupuliza.

Katika Afrika ya Mashariki sifa yao haikuletwa na matangazo. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika matope na vumbi. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Porsche 911 nayo ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 ikiendeshwa na Björn Waldegård, na mwaka 1978 ikiendeshwa na Vic Preston mdogo. Baba yake Preston huyo ndiye aliyeshinda mwaka 1954 katika Volkswagen, akiwa pamoja na D. P. Marwaha.

Basi si ajabu kijana wa leo akiiona motokaa ya namna hiyo akaitamani. Kutamani si kosa. Kosa ni kununua bila kupiga hesabu.

HESABU YA NYUMBANI

Tufanye mfano wa sajini mmoja aliyejiwekea shilingi milioni tisa. Muuzaji anataka milioni tisa kamili. Sajini anafurahi kwamba fedha zimetosha sawasawa, lakini mkewe anamwuliza, "Baba watoto, na ikiharibika kesho?" Swali hilo la mama watoto ndilo linalopaswa kujibiwa kwanza.

Motokaa iliyotimiza miaka arobaini au hamsini haiuzwi ikiwa nzima. Huuzwa ikiwa na deni la matengenezo ambalo mwenyewe wa kwanza hakulilipa. Kwa hiyo fedha zigawanywe mafungu matatu sawa. Mafungu mawili ndiyo ya kununulia. Fungu la tatu liwekwe kando kwa matengenezo ya mwezi wa kwanza, karatasi, na dharura. Sajini mwenye milioni tisa atafute motokaa isiyozidi milioni sita. Akiikosa, na asubiri. Na kama fedha ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kiwe Wazalendo cha wanajeshi au Exodus cha polisi, makato ya mshahara nayo yaandikwe katika hesabu, kwa maana yataendelea kukatwa hata motokaa ikiwa imelala juu ya mawe.

Atakaye Porsche ajue pia tofauti ya ukoo huo. Injini ya Volkswagen hunywa oili lita mbili na nusu. Injini ya Porsche 911 ya zamani ina silinda sita na huhitaji kiasi cha lita kumi. Yaani kumwaga oili mara moja katika 911 ni sawa na mara nne katika Volkswagen, na spea zake ni ghali zaidi. Kwa mwenye mshahara wa kawaida, Volkswagen ndiyo inayolisha furaha ile ile bila kunyang'anya watoto chakula. Volkswagen hizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Kwa hiyo spea zake bado zipo duniani. Hata hivyo mnunuzi asitarajie kukuta kila kitu Arua. Vingine vitatafutwa Kampala, mwendo wa takriban kilomita 500, au Nairobi.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Mnunuzi aende asubuhi, injini ikiwa baridi, wala asikubali kuikuta imekwisha washwa. Injini yenye moto huficha magonjwa.

Kwanza, aondoe kiti cha nyuma. Hapo ataona mambo mawili kwa mara moja. Upande wa kulia ndipo ilipo betri, na chini yake ndipo kutu hupenda kuanza, kwa sababu ya tindikali. Asukume sakafu kwa bisibisi. Ikitoboka, bodi nzima itiliwe mashaka. Katikati, juu ya uti wa chasisi, ndipo ilipopigwa namba ya chasisi. Alinganishe namba hiyo na kitabu cha motokaa, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini imepigwa chini ya kiti cha dinamo, nayo pia ilinganishwe.

Jambo hili la namba lina uzito wa pekee katika nchi ya mpakani. Koboko, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2005, iko karibu na mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Magari ya nchi tatu hupita humo kila siku. Motokaa iliyovuka mpaka bila ushuru kulipwa huweza kukamatwa hata kama mnunuzi hakujua lolote. Tena, tangu Oktoba 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini motokaa iliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache zilizotajwa katika sheria yenyewe. Kwa hiyo anayeuza Volkswagen kuukuu na kusema "karatasi zitafuata" apewe mkono wa kwaheri. Ni aibu kubwa zaidi polisi akikamatwa na motokaa ya namna hiyo.

Pili, kabla ya kuwasha, mnunuzi ashike puli kubwa iliyo chini nyuma ya injini, aivute kwake kwa nguvu, kisha aisukume. Isionekane kucheza. Akisikia ikigonga, mbele na nyuma, bearingi kuu zimekwisha na injini yote itafunguliwa. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, na limewaokoa wengi.

Tatu, atazame mabati yanayoizunguka injini na mpira unaoziba ukingo wake. Mafundi wengine huyaondoa wakidhani ni mapambo. Sivyo. Mabati hayo ndiyo yanayouongoza upepo juu ya silinda, na mpira huzuia joto la chini lisirudi kuvutwa na feni. Injini iliyovuliwa mabati ni kama askari aliyevuliwa kofia ya chuma. Na kama motokaa ilisimama miaka mingi, feni ichunguzwe ndani, maana panya hupenda kujenga humo, na nyasi zao huziba njia ya upepo.

Nne, ndipo iwashwe. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya kuungua oili. Aendeshe mwenyewe, si muuzaji peke yake, apande mlima, akanyage breki, kisha asimame na kuchungulia chini kama oili inadondoka.

MATUNZO YA KILA MARA

Husemwa kwamba motokaa hii haina taabu kwa kuwa haina rejeta, haina pampu ya maji, wala haichemki. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Haina maji, lakini joto lipo. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, na nyingine huchukuliwa na oili. Oili katika injini hii hulainisha na kupoza pia. Tena ni lita mbili na nusu tu, na katika Volkswagen nyingi hakuna chujio la karatasi, bali wavu wa waya chini ya injini. Kwa sababu hiyo oili ipimwe kila wiki, motokaa ikiwa mahali palipo sawa na injini imezimwa. Imwagwe kila kilomita 5,000, na wavu usafishwe kwa petroli siku hiyo hiyo. Asiyetaka kununua lita mbili na nusu za oili atanunua injini.

Valvu nazo zipimwe kila kilomita 5,000, injini ikiwa imelala usiku kucha. Nafasi yake katika injini nyingi za Volkswagen za baada ya katikati ya miaka ya 1960 ni milimita 0.15. Hapa kuna jambo linalowadanganya wengi. Valvu inayolia taratibu huwaudhi wenye motokaa, nao humwamuru fundi aikaze mpaka inyamaze. Kumbe inayonyamaza ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa haifungi sawasawa na inaungua. Silinda namba tatu ndiyo hupata taabu zaidi, kwa maana katika injini za zamani kipoza-oili kimekaa katika njia ya upepo wake.

Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za pembeni huko Maracha na Koboko hufika hata ndani ya mashuka. Chujio la hewa la Volkswagen nyingi ni bakuli lenye oili, na oili hiyo ikigeuka tope haichuji tena. Mama au kijana yeyote wa nyumbani anaweza kulifungua, kulisafisha na kulijaza hadi alama. Huhitaji fundi wala fedha nyingi.

HATARI MBILI ZA MOTO

Ya kwanza ni mpira wa petroli. Mpira huo ukizeeka hupasuka na kudondosha petroli juu ya injini yenye moto. Kiini cha injini nyingi za Volkswagen kimeundwa kwa mchanganyiko wenye magnesiamu, ambayo ikishika moto, kumwagia maji huuzidisha. Basi mpira wote wa petroli ubadilishwe wiki ya kwanza baada ya kununua, na mfuko wa mchanga mkavu uwemo daima.

Ya pili iko chini ya kiti cha nyuma. Betri isiyofunikwa huguswa na springi za kiti, hasa watu wazima wawili wakiketi, na cheche zikaruka katika mjazo wa kiti. Kifuniko cha betri ni kitu kidogo, lakini watoto ndio wanaokaa juu yake.

TAA NYEKUNDU NJIANI

Kutoka Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 55. Ni sehemu ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, iliyotiwa lami katika miaka ya 2010. Lami hiyo imewafaa wananchi, ila imeleta tamaa ya mwendo. Dereva wa motokaa hii akumbuke kwamba uzito wake uko nyuma. Apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Akikanyaga breki katikati ya kona, hasa kwenye changarawe, nyuma huweza kutangulia mbele.

Turudi kwa sajini wetu. Yuko njiani jioni, mke na watoto wamo ndani, na taa nyekundu ya dinamo inawaka. Anajisemea, "Ni umeme tu, tutafika." Lakini katika Volkswagen mkanda mmoja huzungusha dinamo na feni pamoja. Mkanda ukikatika, taa huwaka, na wakati huo huo upepo wote umekoma. Injini haina geji ya maji ya kumwonya tena. Akiendelea, baada ya kilomita chache valvu na pistoni zitaungua, na fungu la tatu lililowekwa kando halitatosha.

Taa hiyo ikiwaka, asimame papo hapo, azime, atazame. Mkanda ukiwapo na kukaza sawa, kasoro ni ya dinamo, naye aweza kwenda polepole mchana bila taa. Ukikatika, avae mwingine kwa spana ya namba 21 na bisibisi. Kazi hiyo si ya nusu saa kwa aliyejifunza. Kwa hiyo kila safari motokaa ibebe mkanda wa feni, kebo ya klachi, kebo ya mafuta, plagi na pointi. Vyote huingia katika mfuko mmoja.

Mwisho, liwepo daftari la motokaa nyumbani. Kila oili iliyomwagwa, kila valvu iliyopimwa na kila shilingi iliyotoka iandikwe na tarehe yake, na bwana na bibi wote walisome mwisho wa mwezi. Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Motokaa iliyonunuliwa rahisi bila daftari itauvunja. Iliyonunuliwa kwa hesabu na kutunzwa kwa hesabu itawapeleka watoto shule, itampeleka mgonjwa hospitali usiku, na siku ya sikukuu itang'aa mbele ya nyumba bila mtu kuulizwa karo imekwenda wapi.