Mpungate unaotesa Laikipia umebeba rangi inayotafutwa duniani

Ukinunua yogati ya stroberi, geuza kikopo usome yale maandishi madogo. Mara nyingi ule uwaridi hautoki kwa stroberi. Unaweza kukuta E162, yaani rangi ya bitiruti, au E120, inayotolewa kwa wadudu wanaoishi kwenye mpungate, wakakaushwa na kusagwa. Ndiyo, wadudu. Usiteme, pengine umeshawala kitambo.

Rangi za mimea zinatafutwa sana sasa. Mnamo Januari 2025 Marekani ilipiga marufuku rangi nyekundu ya kiwandani iitwayo Red No. 3 katika vyakula, na kampuni zikapewa hadi Januari 2027 kuiondoa. Sababu ni kwamba ilisababisha saratani kwa panya, ingawa wakuu wenyewe walikiri kuwa jinsi ilivyowadhuru panya haitokei kwa binadamu. Vyovyote vile, nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu.

Sasa twende Laikipia. Ukipita pande za Doldol utaona mipungate imetapakaa malishoni, yenye matunda ya zambarau iliyokolea. Ililetwa enzi za ukoloni, ikapandwa kama ua. Leo ni balaa. Miiba yake midogo kama nywele hujidunga midomoni na machoni mwa mbuzi, na mfugaji hana la kufanya ila kutazama mifugo yake ikidhoofika. Ndovu na nyani hula matunda na kusambaza mbegu. Ukiukata ukaacha kipande chini, kinaota.

Lakini lipasue lile tunda. Litakuchafua vidole vyote, kwa sababu limejaa betalaini, kundi lile lile la rangi lililo kwenye bitiruti.

Shida ni kuitoa. Rangi hiyo imefungiwa ndani ya seli, nyuma ya utando mwembamba. Ukichemsha, utando unapasuka sawa, ila joto linaharibu rangi yenyewe. Umewahi kuona maji ya bitiruti yaliyochemka sana yakigeuka hudhurungi? Ukisaga, unapata uji wenye nyuzi na utelezi, na kuuchuja ni kazi ya punda.

Hapo ndipo umeme unaingia. Matunda yaliyokatwakatwa huwekwa majini katikati ya vyuma viwili, kisha hupigwa mapigo mafupi mno ya umeme, kila moja likidumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Nguvu yake ni maelfu ya volti kwa kila sentimita. Utando wa seli unatoboka matundu madogo, na rangi inavuja yenyewe kwenye maji baridi. Hakuna kupika, na nyama ya tunda haisagiki, kwa hivyo kuchuja ni rahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Compiègne, Ufaransa, walijaribu hivyo kwa maganda na nyama ya mpungate wa aina hii hii ya Laikipia. Matokeo yao ya 2016 yalionyesha rangi nyingi zaidi ikitoka kuliko kwa kuloweka tu.

Usidhani ni ndoto ya maabara pekee. Viwanda vya krispsi Ulaya hutumia mapigo kama hayo kulainisha viazi kabla ya kuvikata.

Kuna mambo mawili ya kukuwazisha kabla hujaanza kuhesabu chapaa. Kwanza, mtambo ni ghali, na betalaini haipendi joto wala mwanga: itafaa aiskrimu na yogati, mkate haitaufaa. Vikundi vya akina mama Laikipia tayari vinakamua juisi na kupika jemu ya tunda hili kwa vifaa vya kawaida, na wao ndio wanaojua kulichuma bila kuchomwa. Yeyote atakayeleta mtambo aanzie kwao.

Pili, na hili ndilo linaloniogopesha, siku rangi itakapolipa vizuri, kuna mjanja atakayetaka kupanda mpungate shambani. Mfugaji atalia mara mbili. Na hata bila mjanja huyo, mbegu hubaki kwenye makapi. Kiwanda kijengwe huko huko karibu na Doldol, makapi yapikwe au yachomwe hapo hapo, kwa maana lori moja likimwaga mzigo njiani kuja Nairobi, litakuwa limepanda mipungate kando ya barabara nzima.