Buibui wa Milimita Tano na Bodi ya Bei Nafuu

Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, anaishi buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora. Mwaka 2005 watafiti waliomchunguza Mbita, Kenya, walieleza tabia yake ya ajabu: anapenda damu ya wanyama, na kwa kuwa hawezi kutoboa ngozi, huipata kwa kuwinda mbu majike waliokwisha kuifyonza. Urefu wake ni kama milimita tano tu. Mpigapicha anayetaka kuonyesha macho ya mwindaji huyu na tumbo jekundu la windo lake huhitaji lenzi ya makro na, ikiwezekana, bodi ya pili ya kamera ya kuibeba, ili asibadilishe lenzi porini na kuingiza vumbi ndani ya kamera. Swali ni bodi ipi inunuliwe bila kuvunja kibubu.

Hapa fizikia inawapendelea wenye mfuko mwembamba. Lenzi ya makro ya kawaida hufikia uwiano wa 1:1, yaani buibui wa milimita tano huchora taswira ya milimita tano juu ya kihisi, kiwe kikubwa au kidogo. Nikon D750 ya mwaka 2014 ina kihisi chenye upana wa karibu milimita 36 na megapikseli 24; buibui wetu atapata takriban pikseli 840 kutoka kichwani hadi mwisho wa tumbo. Nikon D7200 ya 2015 ina megapikseli 24 pia, ila zimebanwa katika milimita 23.5, hapo atapata pikseli 1,280. Olympus E-M10 Mark II ya mwaka huohuo ina megapikseli 16 tu, lakini kihisi chake kina upana wa milimita 17.3, naye atapata kama 1,330. Kamera yenye kihisi kidogo kuliko zote ndiyo inayompa buibui pikseli nyingi kuliko zote.

Kihisi kikubwa kina sifa yake: hutoa picha safi zaidi kwenye mwanga hafifu. Lakini makro haipigwi sana kwa mwanga hafifu. Kwa uwiano wa 1:1, tundu la lenzi lililowekwa f/8 hufanya kazi kama f/16, na mwanga unaofika kwenye kihisi hushuka hadi robo. Ndiyo maana wapigaji wengi wa wadudu hutumia flashi. Nguvu yake ikipunguzwa, mwako hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ukatuliza mtikisiko wa mkono na wa jani kwa pamoja. Kwa flashi, unyeti wa kihisi (ISO) hubaki chini, na ubora wa kihisi kikubwa gizani haupati nafasi ya kuonekana.

Usinunue pia wingi wa megapikseli. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika; kwa f/16 kila nukta ya mwanga huwa duara lenye upana wa karibu mikromita 21, wakati pikseli moja ya D7200 haifiki mikromita nne. Duara moja hufunika pikseli tano kwa upana. Kuongeza pikseli hapo hakuongezi undani wowote wa maana.

Shida kubwa zaidi ni fokasi. Kwa 1:1 na f/8, eneo lililo kali halifiki milimita moja: macho ya buibui yakiwa safi, miguu ya nyuma inakuwa ukungu. Dawa yake ni kupiga picha kadhaa huku fokasi ikisogezwa kidogokidogo, kisha programu ya kompyuta iziunganishe. E-M10 Mark II husogeza fokasi yenyewe, na skrini yake hukunjuka. D7200 haina uwezo huo, na skrini yake haikunjuki, kwa hiyo buibui akiwa chini, nawe utalala kifudifudi. Hata hivyo flashi ndogo ya D7200 inaweza kuamuru flashi nyingine bila waya. Nikon D5300 ina skrini inayozunguka, lakini haiwezi kutoa amri hiyo.

Mwenye D750 ana sababu ya ziada ya kutafuta D7200: betri ni ya aina moja, lenzi ni zilezile, na vitufe mkono umeshavizoea. Anayeanza bila lenzi yoyote, akimpata buibui ametulia na akitaka kuunganisha picha, atafaidika zaidi na E-M10 Mark II.

Bodi iliyotumika ipimwe kabla ya kulipiwa. Weka lenzi yako, funga tundu hadi f/22, piga ukuta mweupe fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi, kisha kuza picha. Madoa meusi ni vumbi au mikwaruzo kwenye kihisi, na makro itayafichua yote. Uliza pia shata imefyatuliwa mara ngapi. Ya D7200 ilijaribiwa kiwandani hadi mara 150,000.

Ukiokoa fedha kwenye bodi, usiimalize kwenye begi jipya. Nunua flashi na kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga wake, kwa maana hivyo ndivyo vitakavyobadilisha picha zako kuliko bodi yoyote utakayochagua.