RANGI YA BULU YA BEI NDOGO: JUU YA NINI WENYE AKILI WANAITAFUTA?



Juma lililopita sisi wa mwaka wa sita, sehemu ya Shimi, tulifanya kazi moja katika labo. Tulichovya ncha ya waya ndani ya boraksi, tukaiweka motoni mpaka ikawa tone la kioo. Kisha tukagusisha unga wa kobalti kidogo sana, mdogo kuliko mbegu ya lengalenga, na kurudisha motoni. Tone lilipopoa lilikuwa bulu, bulu kabisa kama pantalo zetu za shule.

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa nne, aliyechungulia dirishani, akauliza: «Kobalti si iko hapa kwetu Katanga? Basi juu ya nini sahani za bulu zinatoka Ulaya na China?» Swali lile halikutuacha. Tujaribu kulijibu.

Bulu inatoka wapi?

Sahani inayong'aa imevaa ngozi nyembamba ya kioo. Mfinyanzi anasaga mchanga na mawe mengine, anachanganya na maji, anapaka juu ya udongo, anachoma katika tanuru. Pale kwenye digrii 1200 hivi, rangi nyingi zinaungua ao kubadilika. Kobalti inavumilia. Tena ina nguvu: sehemu 1 katika 100 inatosha kutoa bulu nzito. Wachina wa mji wa Jingdezhen waliitumia tangu karne ya 14, na kobalti ilitoka mbali, Uajemi. Jina lenyewe lilitoka kwa wachimbaji wa Ujerumani, waliodhani ni pepo mbaya anayeharibu madini yao. Karibu na mwaka 1735 Brandt wa Swedeni alionyesha kwamba si pepo, ni metali.

Juu ya nini bei ni kubwa?

Kobalti nyingi haichimbwi peke yake. Inatoka pamoja na shaba ao nikeli. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu. Kwa hiyo kukitokea matata hapa, bei inaruka kule. Vita ya Kolwezi ya 1978 ilipandisha bei sana. Siku hizi betri za simu na za motokari zinaitafuta pia, na mfinyanzi hawezi kushindana nazo.

Njia walizojaribu

Ya kwanza ni shaba. Wamisri wa kale walipata bulu kwa shaba, mchanga, chokaa na magadi. Lakini katika kioo cha kawaida shaba inageuka kijani.

Ya pili ni vanadi ndani ya jiwe la zirkoni, iliyoanza miaka ya 1940. Inavumilia moto, lakini bulu yake ni ya mbingu, haiko nzito.

Ya tatu ni ya kupunguza kobalti. Bulu ya Mfaransa Thénard, ya mwaka 1802, ina kobalti sehemu 33 katika 100 kwa uzito. Nyingine ni aluminiumu na oksijeni. Mwaka 2009, katika universite moja ya Oregon, Marekani, profesa Mas Subramanian na mwanafunzi wake walipata bulu mpya bila kuitafuta. Walikuwa wanatafuta kitu cha elektroniki! Lakini ndani yake mna indi, metali ya bei kali. Basi profesa aliigiza jiwe la hibonite, lililovumbuliwa Madagaska, akaweka ndani yake kobalti kidogo kuliko ile ya Thénard. Bulu ikabaki.

Mabishano yetu

Mmoja wetu alikasirika: «Wakipunguza kobalti, baba zetu wanaochimba watakula nini?» Tulibishana mpaka kengele ikalia. Mwisho tuliona hivi: rangi ni sehemu ndogo, kobalti nyingi inakwenda katika betri. Hasara yetu kubwa iko pengine: jiwe linatoka kama jiwe, linarudi kama kikombe, na tunalipa kazi ya wengine.

Je, mama wafinyanzi wa kwetu wanaweza kuanza kesho? Hapana. Wanachoma vyungu kwa kuni, uwanjani, na moto ule haufiki joto la kuyeyusha kioo kile. Kwanza tanuru, kisha rangi. Na mwenye tanuru asipake bulu chombo kizima. Achore kwa burashi maua ao mistari tu, kama Wachina walivyofanya. Hapo grame chache zinatosha vyombo vingi.

Neno la mwisho kwa wadogo wetu: unga wa kobalti si wa kuchezea. Vumbi lake linaumiza mapafu. Msiuguse bila mwalimu.

Lile tone liko katika kabati ya labo. Mwenye kutaka kuliona, aombe ufunguo kwa mwalimu wa Shimi.

Kapita wa shule, kwa niaba ya mwaka wa sita