Gofu ya vyuo Marekani: Timu ya California inafanya nini kwenye ligi ya Atlantiki?

Chuo Kikuu cha Stanford kiko California, upande wa bahari ya Pasifiki. Tangu Agosti 2024, timu zake za gofu zinacheza kwenye ligi ya ACC, ambayo jina lake kamili lina maana ya Ligi ya Pwani ya Atlantiki.

Hujasoma vibaya. Pasifiki iko magharibi mwa Marekani, Atlantiki iko mashariki. Katikati kuna takriban kilomita 4,000 na tofauti ya saa tatu.

Stanford hawako peke yao. UCLA na USC, vyuo viwili vya Los Angeles, sasa wako ligi moja na Rutgers ya New Jersey, jirani na New York. Texas na Oklahoma wamehamia SEC, ligi ya majimbo ya kusini mashariki. Na Pac-12, ligi kongwe ya magharibi, mwaka 2024 ilijikuta imebaki na vyuo viwili tu.

Kwenye hamahama yote hiyo, hakuna chuo kilichoondoka kwa sababu ya gofu. Gofu imebebwa tu, kama mtoto ambaye wazazi wake wamepata kazi mji mwingine.

Pesa iko wapi

Michezo ya vyuo Marekani inasimamiwa na NCAA, na vyuo vimejigawa kwenye makundi ambayo kwa lugha rahisi ni ligi. Chuo kikiingia ligi kubwa, kwa kawaida kinaingia na karibu timu zake zote: kikapu, riadha, kuogelea, gofu.

Lakini pesa nyingi inatoka sehemu moja. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ambayo vituo vya televisheni vinainunua kwa bei ya kutisha. Agosti 2022 ligi ya Big Ten ilitangaza mikataba na Fox, CBS na NBC yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba.

Mbio zilianza Julai 2021, pale Texas na Oklahoma walipotangaza kwamba wanaiacha Big 12 na kwenda SEC. Juni 30, 2022 ikawa zamu ya USC na UCLA kusema wanakwenda Big Ten. Baada ya hapo kila mtu akawa anajiokoa. Mwaka 2023 Oregon na Washington wakakimbilia Big Ten; Colorado, Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12.

Stanford na jirani zao Cal walibaki wanahangaika. Septemba 1, 2023 ACC ikapiga kura kuwapokea, pamoja na SMU ya Dallas. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, Stanford na Cal walikubali kuchukua takriban asilimia 30 tu ya mgawo wa televisheni kwa miaka saba ya kwanza.

Ukiona chuo tajiri kama hicho kinakubali chini ya theluthi ya mgawo ili kisibaki nje, ujue hali ilikuwa mbaya.

Gofu haina ligi kama unavyoijua

Ukisikia neno ligi unafikiria ratiba: nyumbani na ugenini, pointi tatu, msimamo. Gofu ya vyuo haiendi hivyo kabisa.

Msimu una vipande viwili. Cha kwanza kinaanza Septemba na kuisha kabla ya baridi kali, cha pili kinaanza mwanzoni mwa mwaka hadi Mei. Kila kocha anapanga mashindano yake mwenyewe, na mengi ni ya kualikwa. Timu kama 12 au 15 zinakutana kwenye uwanja mmoja. Kila moja inaleta wachezaji watano, na kila raundi matokeo manne bora ndiyo yanayohesabiwa. Mara nyingi ni raundi tatu ndani ya siku mbili au tatu, halafu watu wanarudi darasani.

Kwenye mashindano hayo Stanford wanaweza kukutana na Texas au Arizona State bila kujali nani yuko ligi gani. Ndiyo sababu wachezaji wa gofu wameumia kidogo kwa safari, ukilinganisha na wenzao wa voliboli au softiboli ambao wanavuka nchi mara kwa mara kufuata mechi za ligi.

Angalia Oklahoma na Oklahoma State, watani wa jadi wa jimbo moja, umbali wa kilomita 130 hivi. Oklahoma ilipohama, mechi yao ya futiboli ya kila mwaka ilikatika. Ya mwisho ilichezwa Novemba 2023. Wachezaji wa gofu wa vyuo hivyo hawahitaji ruhusa ya ligi yoyote ili waonane. Mwaliko unatosha.

Basi kilichobadilika ni nini?

Ni siku chache tu za mwezi Aprili. Hapo ndipo kila ligi inapokutana kumtafuta bingwa, na bingwa anapata tiketi ya moja kwa moja kwenda mashindano ya kanda ya NCAA. Wengine wote wanasubiri kamati iwachague kwa kuangalia viwango vyao. Kanda ziko sita, kila moja inapitisha timu tano, jumla 30 kwenye fainali za taifa.

Sasa tazama SEC. Baada ya Texas na Oklahoma kuingia, ina timu 16. Ubingwa wake wa wanaume unachezwa Sea Island, jimbo la Georgia: raundi tatu kwanza, kisha nane bora wanaingia kwenye mfumo wa ana kwa ana. Nusu ya timu zinafungasha mizigo mapema.

Na humo ndani hakuna wa kumdharau. Texas walikuwa mabingwa wa taifa 2022, Florida 2023, Auburn 2024. Mtu anaweza kumaliza wa kumi kwenye ligi hiyo na bado akawa timu hatari kwa yeyote nchini. Kamati inalijua hilo, kwa hiyo nafasi ya kumi ya SEC inaweza kuwa na thamani kuliko ubingwa wa ligi ndogo.

Kwa mchezaji mmoja mmoja hesabu ni ileile. Tangu 2023, anayeongoza orodha ya PGA Tour University anapomaliza chuo anapewa moja kwa moja kadi ya kucheza PGA Tour. Wa kwanza kuipata alikuwa Msweden Ludvig Åberg, akitokea Texas Tech. Orodha hiyo inaangalia pia ubora wa wapinzani, kwa hiyo kijana mwenye ndoto anataka kuwa mahali ambapo wazuri wapo kila wiki.

Kilichopotea magharibi

Hapa ndipo panauma zaidi, hasa kwa gofu ya wanawake.

Mfumo wa ana kwa ana uliingizwa kwenye fainali za wanawake mwaka 2015. Mabingwa wanne wa kwanza walikuwa Stanford, Washington, Arizona State na Arizona. Vyuo vinne tofauti, miaka minne mfululizo, wote kutoka Pac-12. Hakuna ligi nyingine iliyokuwa na kina cha namna hiyo.

Leo Stanford wako ACC, Washington wako Big Ten, na Arizona wawili wako Big 12.

Msimu wa mwisho wa Pac-12 ya zamani uliisha kwa namna ambayo hata mwandishi wa filamu angeona imezidi. Mei 2024, kwenye uwanja wa La Costa huko Carlsbad, California, fainali ya taifa ya wanawake ilikuwa Stanford dhidi ya UCLA. Ligi inayovunjika ilikuwa na timu zote mbili za mwisho. Stanford walishinda 3-2, na kiangazi hicho hicho kila mmoja akaenda njia yake.

Waliobaki, Oregon State na Washington State, walipata hifadhi ya muda kwa ajili ya gofu kwenye ligi ya WCC. Hiyo ni ligi ya vyuo vidogo, vingi vya kidini, lakini usiidharau: Pepperdine walitoka humo wakawa mabingwa wa taifa wa wanaume 2021. Vyuo hivyo vidogo vilijikuta vinagombea tiketi yao moja na wageni wawili waliozoea ligi kubwa.

Hofu kubwa ya wadogo, hata hivyo, ni mialiko. Kupanda viwango kunahitaji kukutana na wakubwa. Kama wakubwa wamejazana kwenye ligi tatu nne na wana kila sababu ya kualikana wenyewe kwa wenyewe, kocha wa chuo kidogo anabaki anapiga simu zisizojibiwa.

Viti tisa

Juu ya hamahama likaja jambo la pili. Juni 6, 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa kwanza.

Kwa gofu, makubaliano hayo yana sura mbili. Zamani timu ya wanaume iliruhusiwa udhamini wa masomo 4.5 tu, na ya wanawake 6, ambao kocha aliukatakata na kuwagawia wachezaji wake. Kikomo hicho kimeondolewa. Chuo kilichojiunga na makubaliano kinaweza kumlipia kila mchezaji masomo yote.

Lakini wachezaji hawaruhusiwi kuzidi tisa kwa timu. Yule wa kumi, aliyejilipia ada mwenyewe na kungoja nafasi yake, hana kiti tena.

Halafu fedha hizo lazima zitoke mahali fulani. Nyingi zinatarajiwa kwenda kwa wachezaji wa futiboli na kikapu cha wanaume, wanaoleta watazamaji. Gofu haiuzi tiketi. Januari 2025 chuo cha Cleveland State, ambacho hakimo kabisa kwenye ligi za matajiri, kilitangaza kufuta timu yake ya gofu ya wanawake pamoja na mieleka na softiboli.

Kwenye ligi kubwa gofu ina kinga moja: wafadhili. Wahitimu matajiri wanaupenda mchezo huu na wengi wako tayari kulipia uwanja wa mazoezi au safari. Chuo kidogo kisicho na watu hao hakina pa kukimbilia.

Uwanja nao una maneno yake

Mei 2025, msimu wa kwanza wa ramani mpya, mabingwa walikuwa nani? Wanawake ni Northwestern, chuo cha jirani na Chicago ambako theluji inafunika viwanja miezi kadhaa. Waliwafunga Stanford 3-2 na kuchukua taji lao la kwanza. Wanaume ni Oklahoma State, walioilaza Virginia 4-1 na kufikisha mataji 12.

Wote wawili hawakuhama popote.

Kuna mfano wa zamani pia. Houston wana mataji 16 ya taifa ya wanaume, ya kwanza 1956 na ya mwisho 1985. Saba kati ya hayo waliyapata kati ya 1962 na 1970, wakati ambao hawakuwa kwenye ligi yoyote. Tangu 2023 wako Big 12, na taji la 17 bado.

Hamahama yenyewe haikuishia 2024. Oregon State na Washington State wameamua kuijenga upya Pac-12 kuanzia Julai 1, 2026. Wamewachukua Boise State, Colorado State, Fresno State, Utah State na San Diego State, chuo alichosoma Xander Schauffele, wote kutoka ligi ya Mountain West, na Texas State kutoka ligi ya Sun Belt. Kutoka WCC, ile ile iliyowapa hifadhi, wanaondoka na Gonzaga.